Makosa ya Chapa

Saloniki, karakana ya pembeni, nyuma ya watengeneza ngozi.
Risasi ina baridi ya alfajiri hata saa sita mchana.
Miaka kumi na tisa nimesimama mbele ya kasha la herufi,
mguu wa kushoto umevimba,
na kinyumenyume nasoma vizuri kuliko sawasawa,
maana Kiebrania kikishapangwa kwenye risasi
hugeuka, kikakimbilia upande wa Kilatini
kama mkimbizi aliyebadili koti.

Kitabu ni kumbukumbu za nyakati.
Mwandishi alishakufa, akatuachia daftari lenye madoa ya mafuta:
mji baada ya mji,
nani alichoma, nani alichomwa,
na kodi kiasi gani kabla ya moto.
Kufikia karatasi ya saba niliishiwa herufi he.
Neno "waliuawa" lilikuwa limezila zote.
Ikabidi tungoje chapa, tuvunje ukurasa,
tuzioshe herufi kwa magadi,
na he ile ile iliyoua watu wa mji mmoja
ikaenda kuua wa mji wa pili, ingali na unyevu.

Mama hushona. Vellida, kigodani, karibu na dirisha.
Hajui kusoma. Hunisikia nikitamka ninapopanga,
kwa midomo tu, kama mtu anayehesabu deni.

Jumanne, karatasi ya kumi na moja, nikatamka: Moradela.
Sindano ikasimama.
"Kinasemaje?"
Mstari mmoja na nusu, Mama.
"Soma."

*Na Moradela, mwaka wa tauni, waliingia usiku,
na hakusalia hata mmoja. Mungu alipize damu yao.*

Akaukata uzi kwa meno.
"Haukuwa usiku. Mkate wa mchana ulikuwa bado tanurini."
Kisha, baadaye kidogo:
"Na mimi je?"

Asiyekuwapo na lake halipo, ndivyo isemwavyo.
Huyu yupo. Ana nta ya uzi vidoleni.
Na lake halipo.

Don Bonafos mhakiki alikuwa amekwenda kusali alasiri.
Nikasimamisha mtambo. Nakala arobaini zilishapita,
zinaning'inia kambani, zinakauka,
zinasema uongo kwa wino mzuri.
Nilihitaji maneno mawili, herufi tano:
resh, kof. Alef, het, tav.
*Ila mmoja.*
Lugha ile humtenga mmoja wa kiume na mmoja wa kike;
niliweka wa kike.
Lakini mstari ni kitanda cha maskini,
akiongezeka mtu, mwingine alale chini.
Nikakitoa kisasi. Mungu anakijua,
na kurasa nyingine kimo tele.

Usiku sikuugeuza mchana. Nafasi haikutosha.
Hilo Mama hajaniuliza.

Bonafos aliligundua siku ya nne,
karatasi zote zimeshachapwa, na karatasi ya Venisi ni ghali.
"Mwandishi hakuandika hivi."
Mwandishi hakuwapo.
"Wewe ulikuwapo?"
Nikanyoosha kidevu kuelekea dirishani.
Akatazama. Akavua miwani, akaifuta, akatazama tena.
Halafu akafanya kazi yake, kwa kuwa ni mtu mwaminifu,
nami nikafanya yangu, kwa kuwa ndiyo inayotulisha:
mwisho wa kitabu, katika orodha ya makosa ya chapa,
baina ya bet iliyorudiwa na lamed iliyosimama kichwa chini,
nilipanga kwa mikono hii,

*Karatasi ya kumi na moja, mstari wa tisa:
"ila mmoja". Futa.*

Karatasi hiyo nayo ikafika kigodani.
"Hii inasema nini?"
Makosa, Mama.
"Mengi?"
Kumi na saba.
Akaikunja, akapitisha uzi katikati,
akavuta, akafunga fundo.